Bawa la mbele tumelishusha karibu na lami, mbona gari halikati kona?

Swali: Shikamoo kaka injinia. Nasoma Ujerumani, niko timu ya chuo ya Formula Student (mashindano ya wanafunzi wanaojiundia magari ya mbio) na mimi ndo nashughulika na bawa la mbele. Ni la kipande kimoja, toka ukingo wa mbele mpaka wa nyuma mm 300. Mwanzo lilikaa mm 70 toka chini, tukalishusha mpaka mm 40, simulesheni ya kompyuta ikasema mgandamizo (nguvu ya hewa inayolikandamiza gari chini) umeongezeka. Ila dereva analalamika akishika breki kuingia kona mbele panakuwa pepesi ghafla na gari linaenda tu moja kwa moja. Tulishushe zaidi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hapana, msilishushe tena, na huyo dereva wenu msikilizeni maana anawaambia kitu ambacho simulesheni yenu haijaulizwa.

Hewa inayopita kati ya tumbo la bawa na lami inabanwa, inakimbia, presha inashuka na bawa linavutwa chini. Ukilishusha inabanwa zaidi na mvuto huo, yaani mgandamizo, unaongezeka, hapo mko sahihi kabisa. Sasa hewa ikishapita pale pembamba ni lazima ipunguze mwendo na presha ipande tena mpaka inapotokea nyuma, na kadiri presha ilivyoshuka sana ndivyo mlima wa kupanda unavyokuwa mkali, ile hewa iliyogusana na uso wa bawa imeshachoshwa na msuguano, haiwezi huo mlima, inabanduka. Ikibanduka mvuto unaanguka.

Kuna vipimo vizuri sana vya Jonathan Zerihan na Xin Zhang wa chuo kikuu cha Southampton, Uingereza, vilivyochapishwa mwaka 2000, bawa la kipande kimoja ndani ya handaki la upepo (chumba cha kupulizia hewa kitu kinachopimwa) lenye sakafu inayotembea. Mgandamizo ulipanda kila waliposhusha bawa mpaka kimo kilipofika karibu asilimia 8 ya ule upana wa mbele hadi nyuma, chini ya hapo ukaanza kupungua. Umbo la bawa lenu si lile lao kwahiyo namba itahama kidogo, ila ichukue kama mwanzo: asilimia 8 ya mm 300 ni mm 24.

Utasema sisi tuko mm 40, tuna nafasi. Hiyo 40 ni gari likiwa limesimama! Tuseme mkishika breki pua inainama digrii 1 tu, springi za mbele zinabonyea mm 12, na kama bawa liko sm 60 mbele ya ekseli kuinama huko kunalishusha mm 10 nyingine, jumla 22, mmebaki na mm 18. Mmeshavuka kilele, mko upande wa pili kunakoporomoka, tena sekunde ileile dereva anayohitaji tairi za mbele zishike kuliko wakati wowote. Na hapo sijahesabu mgandamizo wenyewe unavyobonyeza springi kwenye spidi.

Kwahiyo chagueni kimo kwa hali mbaya kuliko zote. Wekeni sensa ya mwendo wa shokapu, muone pua inashuka kiasi gani kwenye breki kali, halafu pangeni bawa ili hata hapo libaki juu ya kimo cha kilele. Kwa hesabu yangu mtarudi kwenye mm 50 au 55. Kwenye karatasi mtakuwa na mgandamizo kidogo pungufu, lakini hautamkimbia dereva, na mimi nauchukua huo kila siku kuliko namba kubwa inayopotea kwenye kona. Springi ngumu kidogo mbele zinasaidia pia, ila msizidishe, tairi zitaanza kurukaruka.

Mkishalipandisha ndo mjaribu kile kibati cha Dan Gurney, alikifunga mwaka 1971 kwenye gari la Bobby Unser, kinasimama wima kwenye ukingo wa nyuma. Kwenu anzeni na mm 3, msizidi 6. Vibao vya pembeni navyo msivipuuze, ukingo wao wa chini unatengeneza kimbunga chembamba kinachosaidia kunyonya hewa chini ya bawa, kikivunjika kwa kubanwa sana na lami sehemu ya mgandamizo inaondoka nacho.

Kwenye simulesheni hakikisheni ardhi inatembea kwa spidi ya gari na magurudumu yanazunguka, ardhi ikisimama inajijengea tabaka lake la hewa ya polepole na majibu ya chini ya bawa yanakuwa ya uongo. Halafu endesheni vimo vyote toka mm 70 mpaka 15 na pua ikiwa imeinama, mchore grafu, kilele mtakiona wenyewe.

Na msiishie kwenye kompyuta. Bandikeni nyuzi za sufi za sm 5 nusu ya nyuma ya tumbo la bawa, fungeni kamera ndogo chini ya pua ikitazama mbele, dereva apige breki kali mara kadhaa. Nyuzi zikilala nyuma hewa imeshika, zikianza kupepea ovyo au kugeukia mbele imebanduka. Zikibaki zimelala kwenye breki na gari bado halikati kona, basi tatizo halipo kwenye bawa, nendeni mkakague tairi na balansi ya breki, yaani mgawanyo wake kati ya mbele na nyuma.