Fundi Umeme Anajibu: Spotilaiti, rilei na betri zinazokufa mapema

SWALI: Fundi shikamoo. Mi ni dereva boda Mbagala, nina Boxer 150. Nilifungiwa spotilaiti mbili za LED, chaja ya simu na redio. Sa hivi asubuhi nikibonyeza stata inalia tik tik tu mpaka nipige kiki. Nimenunua betri mpya nayo haijamaliza hata miezi mitatu. Fundi aliyenifungia anasema betri za siku hizi feki. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Feki zipo, sikatai, ila kabla hujanunua nyingine piga hesabu kwanza. Spoti za 20W mbili ni 40W, gawa kwa volti 12 unapata ampia 3 na kitu, hapo hujaweka redio, hujaweka simu ya abiria anayekuomba chaji, na taa ya breki ambayo kwenye foleni unaikanyagia muda wote. Pikipiki hizi zinatengeneza umeme kidogo, na ukiwa sailensa (injini inaunguruma bila resi) zinatengeneza pungufu zaidi, kwahiyo wewe unayepiga kazi usiku Mbagala kwenda mjini, unasimama kila taa, unatumia kuliko unavyoingiza. Kinachopungua kinatolewa kwenye betri. Betri ya 5Ah (yaani inaweza kutoa ampia 1 kwa masaa 5) ukiinyonya ampia 2 mfululizo, masaa mawili na nusu imekauka, na betri inayokaushwa kila usiku haidumu hata iwe orijino ya namna gani.

Pima uone mwenyewe. Azima mita, weka kwenye volti za DC (umeme wa betri), shika nguzo za betri, washa injini na washa vitu vyako vyote. Ukipiga resi kidogo inatakiwa isome kuanzia 13.5 hivi mpaka 14.5. Afu achia irudi sailensa, ikishuka chini ya 12.6 ujue hapo betri ndo inabeba mzigo. Dawa yake ni kuzima spoti ukiwa barabara yenye taa za mitaani au utafute spoti za wati ndogo. Na usiamini wati zilizoandikwa kwenye boksi, nyingine zimeandikwa 60W na ukizipima hazifiki hata nusu. Kama hata spoti na redio vikiwa vimezimwa bado volti hazipandi ukipiga resi, basi kaangaliwe koili ya chaji inayotengeneza umeme na rektifaya inayougeuza uwe wa betri, spoti hazina kosa.

Kingine, chaja ya simu na redio viunganishwe kwenye waya unaopata umeme ukiwasha funguo tu. Wengi wanapiga dairekti kwenye betri kwa sababu ndo rahisi, matokeo yake vitu vinalamba betri kidogo kidogo usiku kucha wewe umelala. Alafu muulize huyo fundi wako fyuzi ameweka wapi. Fyuzi inakaa karibu kabisa na betri kwenye waya wa chanya, isizidi shibiri moja, sio kule mbele kwenye taa. Waya ukija kukwanguka chini ya tenki ukagusa fremu wakati fyuzi iko mbele ya hapo, haitakusaidia kitu, waya utawaka na petroli iko juu yake. Kwa mzigo wako wa spoti, fyuzi ya ampia 5 inatosha. Nimeona watu wameviringisha karatasi ya ndani ya pakti ya sigara badala ya fyuzi, jamani.

SWALI: Habari fundi, mimi ni dada niko Morogoro, naendesha pikipiki kwenda shamba. Nilifunga spoti kwa kutumia rilei (ile swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa wa taa), umeme wa kuiwasha nikachukua kwenye waya wa taa kubwa ya mbele. Nikiwa sailensa spoti zinapepesa na rilei inanguruma kama nyuki. Rilei mbovu?

JIBU: Rilei nzima hiyo dada yangu. Fanya hivi, washa funguo bila kuwasha injini afu washa taa kubwa. Kama haiwaki, na injini ikiunguruma ndo inawaka na mwanga unapanda ukipiga resi, basi taa yako inalishwa moja kwa moja na koili, umeme wake haupiti betri. Huo ni AC, unapanda na kushuka, na rilei ya DC ikilishwa hivo inashika na kuachia haraka haraka, ndo huo mngurumo. Toa huo waya hapo. Chukua testa utafute waya unaokuwa na umeme funguo ikiwa on na unaokosa ukizima, unaoingia kwenye swichi ya breki mara nyingi uko hivo. Usifuate rangi za waya ulizoambiwa na mtu mwenye pikipiki nyingine, hazifanani. Ukishaupata weka swichi yako hapo, toka swichi nenda kwenye rilei, inatosha.

Na kwa vile unapita njia za shamba, waya unaopita shingo ya usukani uachie nafasi, kata kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, ukiona unavutika rudia. Mbali na eksozi pia.

SWALI: Spoti zangu zinawaka swichi ikiwa off na zinazima nikiiweka on. Nimechanganyikiwa. Msomaji, Kahama.

JIBU: Umenunua rilei ya miguu mitano na umefunga taa kwenye mguu ulioandikwa 87a. Huo mguu wa katikati una umeme rilei ikiwa imepumzika. Hamishia taa kwenye 87. Mingine ni hivi, 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 86 inatoka swichi, 85 inaenda hasi. 87a iache wazi ila ifunike na tepu isiguse kitu.

SWALI: Nimebadilisha indiketa zote kuwa za LED sa hivi zinapiga haraka haraka sana, nimeharibu nini?

JIBU: Hujaharibu. Flasha ya zamani, kile kifaa kinachofanya indiketa zipepese, imezoea balbu za 10W, ikikutana na LED inadhani balbu imeungua ndo maana inakimbia. Nunua flasha ya LED, nenda na ile ya zamani dukani mlinganishe idadi ya miguu.

SWALI: Je naweza kuweka zile za bluu na nyekundu zinazopepesa mbele?

JIBU: Hapana ndugu, hizo waachie polisi na ambulensi. Mbele weka nyeupe au ya njano, na uiinamishe imulike barabara, anayekuja mbele yako naye anahitaji kuona.