Kabla hujasaini, uliza muhuri ni wa nani

Nilipoajiriwa kuratibu mafunzo kwa vitendo katika chuo kidogo cha Mataifa ya Kwanza, yaani jamii za wenyeji wa asili, huku Saskatchewan, Kanada, kila mtu nyumbani alinionya kuhusu baridi. Baridi nilinunulia koti. Makaratasi ya ithibati, ule muhuri wa kutambulisha shahada, ndiyo yaliyonitoa jasho.

Chuo chetu hakina mamlaka ya kutoa shahada, kwa hiyo tumeungana na chuo kikuu: sisi tunafundisha ustawi wa jamii, wao wanatoa shahada, na chombo cha taaluma kinaamua kama shahada hiyo inatambulika. Mtindo huu una umri. Mwaka 1976 Wahindi wa Saskatchewan, kama walivyoitwa wakati ule, walianzisha chuo chao chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha Regina. Tangu 2003 kinaitwa First Nations University of Canada.

Kosa letu lilikuwa kukaa na chuo kikuu tu. Tuliandika mtaala mwaka mzima, tukapigiana makofi, ndipo tukasoma vizuri masharti ya ithibati. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa afanye saa 700 za mafunzo kwa vitendo, na kwa kawaida msimamizi wake awe na shahada ya ustawi wa jamii. Kwenye kijiji tulikopanga kuwapeleka wanafunzi hakuwapo hata mmoja mwenye shahada hiyo. Alikuwapo bibi mmoja. Nyumba ikivunjika usiku, watu humpigia yeye, naye kabla hakujakucha ameshajua mtoto atalala kwa shangazi yupi. Kwenye fomu palikuwa na kisanduku cha "shahada", na cha bibi kilibaki kitupu. Wanafunzi wanne nusura wapoteze muhula.

Tulichofanya mwishowe ni kuweka wasimamizi wawili. Bibi anakuwa nao kila siku. Mwenye shahada, aliyeko mjini, anazungumza nao kwa video kila wiki na kutia saini. Jambo dogo, lakini lingeingizwa kwenye mkataba tangu mwanzo tusingekimbizana na barua pepe usiku wa manane. Na uandike malipo pia. Tulipoomba bibi alipwe kwa saa sawa na msimamizi wa mjini, mezani kulikuwa kimya kirefu. Kimya kile kilinifundisha mengi kuhusu mshirika wetu kuliko hotuba zote za uzinduzi.

Usishangae wazee wakiutazama muhuri wa taaluma hii kwa jicho la pembeni. Kuanzia miaka ya 1950 na hasa 1960, maafisa ustawi wa jamii wa serikali waliwachukua maelfu ya watoto wa wenyeji wa asili na kuwapeleka kulelewa na familia za kizungu. Leo jamii hizo zinautaka muhuri uleule mikononi mwao: tangu Januari 1, 2020 sheria ya shirikisho inatambua haki yao ya kusimamia huduma za watoto wao, na kazi hiyo inahitaji watu wao wenye sifa.

Kuna vipengele viwili nisingesaini tena bila kuviona. Kwanza, chuo kikuu kikijitoa, wanafunzi walio katikati ya masomo watamalizia wapi? Ithibati ni ya chuo kikuu, si yako. Kikifunga programu, unabaki na madarasa. Ontario ilipitisha sheria mwaka 2017 inayoviwezesha vyuo vya wenyeji kutoa shahada zao wenyewe baada ya kupimwa na baraza lao. Sisi bado. Pili, mafundisho ya wazee yakirekodiwa, nani anamiliki rekodi? Tulikuta video ya hadithi, ambayo husimuliwa wakati wa theluji tu, imewekwa kwenye mtandao wa masomo wa chuo kikuu mwezi Julai. Iliondolewa, lakini mzee yule hajarudi darasani.

(Wapo wanaoniambia tutafute ithibati ya WINHEC, muungano wa vyuo vya wenyeji duniani ulioanzishwa Calgary mwaka 2002. Naiunga mkono. Ila ofisi ya leseni bado itataka ule muhuri mwingine, kwa hiyo tafuta yote mawili.)

Mkataba wetu unaisha mwakani. Kwenye cheti cha sasa jina la chuo chetu liko chini kabisa, kwa herufi ambazo mama wa mhitimu mmoja alivaa miwani kuzisoma. Rasimu mpya nimeanza nayo hapo: majina mawili, mstari mmoja, herufi za ukubwa uleule.