Chembe mpya zinatoka wapi?

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Igombe. Binti yangu wa kidato cha tano anasema ulimwengu unatanuka, na chembe mpya huzaliwa humo. Mbona sisi tulifundishwa kwamba maada haiumbwi wala haiangamizwi?*

Marahaba, mwanangu. Sheria hiyo nimeiandika ubaoni miaka 30, na kwa mambo ya hapa duniani inatosha. Ila ina sharti: nishati, ambayo maada ni sura yake mojawapo, hubaki ileile pale ambapo anga lenyewe halibadiliki. Ulimwengu unabadilika.

Wewe unaijua Nyanza usiku wa giza, taa za mitumbwi zimetapakaa mpaka mwisho wa macho. Chukulia ziwa lenyewe linatanuka: hakuna aliyepiga kasia, lakini kila taa inazidi kuwa mbali na mwenzake. Mwanaastronomia Hubble alitangaza mwaka 1929 kwamba galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, ndivyo zinavyoachana.

Mwaka 1939 mwanafizikia Schrödinger akaona katika hesabu zake kwamba mtanuko huo unaweza kuzaa chembe, na jambo hilo likamtia wasiwasi. Miaka ya 1960 mwanafizikia mwingine, Leonard Parker, akalikokotoa kwa kina. Chembe hizo hazitoki patupu, mwanangu. Mtanuko ndio unaozilipia nishati. Leo ni chache mno. Pale mwanzo kabisa, mtanuko ulipokuwa wa kasi ya kutisha, zaweza kuwa zilikuwa nyingi.

Nahisi binti amekutana na nadharia zinazorekebisha maelezo ya Einstein kuhusu mvutano. Mojawapo, ya mwaka 2011, inafungamanisha maada na mpindo wa anga, yaani jinsi anga linavyopinda palipo na maada, hata nishati ikaweza kutoka kwenye mpindo na kuingia kwenye maada. Hapo ndipo patamu! Chembe zikizaliwa kwa namna hiyo, hesabu hutoa kanieneo hasi, yaani kinyume cha msukumo wa kawaida, nayo huuharakisha mtanuko. Na kweli unaharakishwa: nyota zilizolipuka zilituonyesha hivyo mwaka 1998. Wengi husema ni kazi ya nishati ya giza, nishati isiyojulikana asili yake. Wenye nadharia hii wanasema huenda ni chembe zinazozaliwa.

Mimi sijashawishika. Agosti 2017 wimbi la mvutano, yaani mtikisiko wa anga lenyewe, na mwanga wa nyota mbili za nyutroni (mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa) zilizogongana vilitufikia vikipishana sekunde 2 hivi, baada ya safari ya miaka milioni 130. Nadharia za marekebisho zilizotaka kasi ya wimbi hilo na ya mwanga zitofautiane zikaanguka palepale. Zilizosalia nazo zipimwe vivyo hivyo.

Binti aniandikie mwenyewe, na mlinganyo uliomkwamisha aunakili wote.