Wadogo zangu, shimo si kibali

Juzi nimewatazama vijana wanne wakichimba shimo kwenye theluji kupima kama itaporomoka, wakagonga nguzo ya theluji waliyoikata humo, wakapigana picha, kisha wakashuka na skii upande wa mlima usiofanana hata chembe na ule waliouchimba. Nilitaka kuwafokea. Nikakumbuka yangu, mdomo ukafunga wenyewe.

1. Taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji isome yote, si namba peke yake. Daraja la 3 kati ya 5 si wastani wa mtihani. Wengi hufia hapo.

2. Pima mwinamo kwa kipimo, jicho hudanganya. Bamba, yaani tabaka la theluji iliyoshikamana, hupenda kukatika kwenye nyuzi 30 hadi 45. Na hata ukiwa umesimama pa tambarare, tazama kinachoning'inia juu yako.

3. Shimo. Hapa mnivumilie.

Msimu wangu wa tatu nilikuwa najua kila kitu. Tulikuwa watatu. Usiku kucha upepo ulikuwa umevuma kutoka magharibi, ukaihamishia theluji upande wa mashariki, ambako ndiko tulikotaka kushuka. Mimi nikachimba wapi? Magharibi, kando ya njia, mahali palipokwanguliwa na upepo, maana theluji ilikuwa haba na vidole vilikuwa vinaniuma. Nikakata nguzo, sentimita 30 kwa 90. Nikagonga kumi za kifundo cha mkono, kumi za kiwiko, kumi za bega. Kimya, hakuna kilichokatika. Nikatangaza "iko salama" kama mganga aliyekwisha kulipwa.

Mwenzangu mmoja akauliza, "Na ule mguno wa kule chini?" Kweli, tulipokuwa tukipanda theluji ilikuwa imeguna chini yetu, vuuf, ikadidimia kidogo, dalili ya tabaka dhaifu chini. Nikamjibu kwamba theluji inakaa vizuri. Inakaa vizuri! Kwa kinywa changu hiki.

Kona yangu ya pili, ufa ukanipita mbele ya skii kwa kasi kuliko macho. Mimi nikachomokea pembeni, kwenye mgongo wa mwamba. Yule aliyeuliza alikuwa ameshaanza kunifuata, nyuma yangu kabisa, kwa sababu nilimwambia hakuna haja ya kungojana. Theluji ikamchukua.

Tulimkuta kwa bikoni, kile kifaa cha mawimbi tunachovaa ili kutafutana, ufito wa kuchomea theluji ukagonga kitu laini, tukachimba kama mbwa. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Akakohoa. Sijawahi kupenda kikohozi cha mtu kiasi kile.

Baadaye nilipanda hadi palipokatika. Chini ya bamba kulikuwa na tabaka dhaifu: jalidi ya siku za nyuma iliyofukiwa ikiwa nzima, vipande vyembamba kama manyoya ya ndege, ukivipuliza vinatawanyika viking'aa. Nilikochimba mimi, upepo ulikuwa umeiharibu jalidi hiyo kabla haijafunikwa. Nguzo yangu haikusema uongo. Niliiuliza habari za mlima mwingine, tena nikijua jibu ninalolitaka.

4. Shukeni mmoja mmoja. Sihitaji kueleza tena.

5. Simu na bikoni ni maadui: zitenganisheni sentimita 20 bikoni inapotuma mawimbi, 50 inapotafuta mtu.

6. Beleshi la chuma, jamani. Theluji ikishatulia baada ya kuporomoka hushikana kama saruji, nanyi mnakuja na plastiki ya kuchezea mchanga.

Yule mwenzangu bado tunapanda pamoja. Theluji ikiguna, hunigeukia taratibu: "Inakaa vizuri, kaka?" Nami nageuza skii, tunarudi.