Barua kwa mwanangu: uliuliza mimi na baba yako tumepatwa na nini

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza na baba yako, ya pili peke yangu. Umesema ukipiga jioni hatupokei, wikendi hatupo, na mwaka jana ulikuwa unatukuta tu hapo hapo kwenye makochi, sasa unauliza mama kuna nini, halafu mwishoni sauti ikashuka ukasema wewe na mwenzio siku hizi mnakula kimya kila mtu na simu yake. Hiyo ya mwisho ndo imenikaa.

Mdogo wako alipohama nyumba ilinyamaza. Hatukugombana, ila tuligundua miaka yote tulikuwa tunaongea habari zenu tu, ada, homa, nani hajarudi, nyie mlipoondoka na maneno nayo yakaondoka. Ikafika mahali baba yako yuko chumbani ananitumia meseji mimi niko sebuleni.

Tulianza na kutembea, basi. Daktari alishatuambia dakika 150 kwa wiki, ndo kiwango Shirika la Afya Duniani linashauri kwa watu wazima, tukaigawa mara 3. Wiki ya kwanza tulitembea kama watu wanaowahi kazini, yeye mbele mimi nyuma. Siku moja kamba ya kiatu ikamfunguka, akainama kuifunga akayumba, nikamshika bega, alivyomaliza akasimama lakini hakutembea, alingoja kwanza niwe sambamba naye. Toka siku hiyo hatujaachana hatua.

Marafiki nao tumewapata njiani humo humo. Kulikuwa na mke na mume tunapishana nao, salamu tu, miezi. Halafu wakapotea wiki mbili, baba yako (unamjua alivyo mzito kuongea na watu) akaanza kuuliza uliza mpaka akawapata, kumbe mama wa watu kateguka mguu. Tukaenda kumuona, tukakaa mpaka usiku, na sasa tunatembea wanne. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas kule Marekani, Jeffrey Hall, mwaka 2018 aliandika kwamba inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja mtu atoke kwenye kujuana awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 awe wa karibu kabisa. Nikapiga hesabu kwa kasi yetu, hizo 50 ni karibu miezi mitano, hizo 200 ni mwaka na nusu! Kwa hiyo mkienda mahali mara moja mkarudi mnasema hapa hakuna watu wa kuelewana nao, hamjakaa bado, rudini pale pale, siku ile ile.

Safari kubwa tulijaribu moja, wiki nzima, siku ya pili tukanuniana kwa sababu ya mizigo. Hatujaijutia ila si hiyo iliyotusaidia.

Kilichotusaidia kingine ni kuogelea. Wote hatujui, yaani wote, na naamini hapo ndo penyewe, maana kila kitu kingine nyumbani kuna mmoja anayejua na mwingine anayeelekezwa. Nakumbuka vidole vya baba yako vimeng'ang'ania ukingo mpaka vimekuwa vyeupe, namwambia achia nimekushika, na mimi mwenyewe magoti yanatetemeka. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Arthur Aron, na wenzake mwaka 2000 walieleza walivyowafunga wapenzi mkono kwa mkono na mguu kwa mguu, wakatambaa pamoja kwenye magodoro wakibeba mto wa kulalia bila kuushika kwa mikono, dakika 7 tu, na hao wakaonekana kuridhika na mahusiano yao kuliko waliopewa kazi ya kuchosha ya kusukuma mpira taratibu. Niliposoma nikasema hao ni sisi kwenye maji.

Kwa hiyo nyie wawili msianze na safari wala na kikao cha kuambiana makosa. Tafuteni kitu ambacho wewe hujui na yeye hajui, simu ziache nyumbani, na mkiona kimya siku za kwanza vumilieni, sisi kwetu kilichukua wiki kadhaa.

Na mimi nipigie baada ya saa mbili usiku, kabla ya hapo tuko njiani, na baba yako amenikataza kabisa kubeba simu.

Mama yako