Anayelala na mtoto awe macho kiasi gani? Maswali yenu

Mume wangu hunywa bia tatu Jumamosi, wala halewi. Mtoto wetu wa miezi miwili hulala katikati yetu. Mama anasema tutamuua. Anazidisha?

Hazidishi. Mtu mzima akilala, mwili wake bado huhisi kilicho pembeni. Akigusa kitu anajivuta. Pombe huipunguza hisia hiyo kabla hata ulimi haujawa mzito, kwa hiyo "halewi" ya sebuleni haisaidii kitu kitandani. Mtoto wa umri huo akizibwa pua na mkono au shuka hana nguvu ya kujinasua, na mara nyingi hatoi hata sauti. Alale chumba chenu, ila kitandani kwake: chali, godoro gumu lililo bapa, bila mto. Na kochi ni baya kuliko kitanda. Baba anamlaza kifuani "dakika tano tu", anasinzia, mtoto anateleza taratibu hadi kwenye pengo la mito.

Nanyonyesha. Nikinywa glasi moja ya mvinyo, nikamue nimwage?

Kukamua hakuharakishi chochote. Pombe hutoka kwenye maziwa kadiri inavyotoka kwenye damu. Hesabu kama saa mbili kwa glasi moja ndogo. Salama zaidi ni kutokunywa.

Sisi tunavutia sigara nje. Inatosha?

Afadhali, lakini haitoshi. Mvutaji asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, hata kama alivutia nje.

Kaka yangu yuko kwenye metadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na hupewa dozi za nyumbani. Nina mtoto wa miaka mitatu. Nimfukuze?

Usimfukuze, matibabu hayo yanamweka hai. Mimi naogopa chupa. Ni dawa ya maji, mara nyingine ina rangi kama sharubati, na dozi ya mtu mzima aliyeizoea inaweza kumuua mtoto kwa kumpunguzia pumzi hadi zikatike. Ikae kwenye sanduku lenye kufuli, na asiipimie kamwe kwenye kikombe cha kunywea. Ukimkuta mtoto amelegea, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, anakoroma kwa namna usiyoizoea, usiseme "mwacheni alale iishe". Hospitali hapo hapo. Kama mna naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya metadoni, mpeni, na akizinduka bado mpelekeni: naloksoni huisha nguvu mapema kuliko metadoni.

Bibi humpa mjukuu wa mwaka mmoja dawa ya mafua ili alale.

Aache leo. Promethazini, iliyomo kwenye baadhi ya dawa hizo, haipewi mtoto wa chini ya miaka 2, maana inaweza kumsimamisha pumzi.

Nina mimba ya miezi mitano na natumia unga, yaani heroini. Kliniki watanisema. Niache kimya kimya?

Usiache ghafla peke yako. Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga uliouzoea, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na wengi wanaoacha hivyo hurudi kwenye dozi yao ya zamani wakati mwili hauiwezi tena. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 unashauri metadoni au buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyo, wakati wa ujauzito. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, nayo hutibika, hasa wakijua mapema. Muuguzi wa kukununia unaweza kumkuta, wapo, mtafute mwingine. Sema tu: "Nina mimba ya miezi mitano, natumia unga, nataka dawa."