Mjomba wangu wa Tabora: mvinyo aliujua, wanawake hakuwajua

Mkuu, umeuliza kuna ubaya gani mwanaume wa miaka 34, hana mke, hela anazo, akipenda mvinyo na wanawake. Wengi wamekujibu kwa maandiko. Mimi nakusimulia habari za mjomba, maana nilikaa kwake Isevya, Tabora, tangu 1994.

Alikuwa na malori mawili ya kubeba tumbaku kutoka Urambo na Sikonge. Masoko yakifunguliwa hela zinaingia, na mjomba alijua kula maisha: suruali imenyooshwa, marashi, mvinyo wa Dodoma anauagiza unakuja kwa treni. Lakini kipenzi chake hasa kilikuwa wanzuki, pombe ya asali. Kuna bibi wa mtaa wa Ng'ambo, palepale Tabora, alikuwa akimtengenezea. Kabla asali haijatiwa maji, mjomba anachovya kidole, anaonja, anaanza maswali. Imerinwa lini? Nyuki walikuwa kwenye maua ya mti wa mtundu au wa muba? Mzinga wa gome au wa gogo? Ndoo ikishalazwa karibu na jiko anainama, anatega sikio asikie povu linavyochemka. Akiambiwa bado, anavaa kofia anarudi nyumbani, kesho anakuja tena. Subira ile sijaiona kwa mtu mwingine.

Kwa wanawake subira hiyo hakuwa nayo. Walikuja wengi, na hakuwa bahili: vitenge, nauli, kodi ya chumba. Mmoja alikuja miaka sita. Katika miaka yote hiyo sikumsikia mjomba akimuuliza hata swali moja kama yale aliyoiuliza asali. Hawakuulizana lolote, hata la afya.

Mwaka 2001 akaanza kuumwa. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure nchini 2004, na sisi tulimzika 2002. Inaniuma mpaka leo.

Marafiki wa chupa walipungua mmoja mmoja. Aliyebaki ni yule dada wa miaka sita, kila asubuhi na chupa ya uji wa ulezi. Siku moja mjomba akamwambia, kwa sauti ya kukauka, "Hivi kwenu hasa ni wapi?" Dada akaweka kijiko, akamfuta mdomo kwa pindo la kanga. "Urambo. Pale lori lako linapopakia, nyumba ya tatu." Mjomba akageukia ukutani. Mimi nilitoka nje, sikuweza kukaa.

Kwa hiyo kaka, sikukatazi glasi yako. Ila umeandika una mmoja Kiloleni "anayekupa raha kuliko wote", aya nzima, na hukusema anafanya kazi gani wala ana ndugu wangapi. Jioni hii nenda kakae naye bila chupa, umuulize. Kesho mkapime wote wawili. Majibu yanatoka siku hiyohiyo, na dawa sasa zipo.